Kukodi Gari Kutoka Hotelini Dar Hadi Uwanja wa Ndege: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale. Gari halikuja. Gari lilikuja limechelewa. Gari lilikuja kwa wakati, lakini bei ikapanda likiwa Tazara. Mwingine alishushwa Jengo la 2 wakati ndege yake ya Addis Ababa inaondokea Jengo la 3. Nikiuliza mlikubaliana nini na dereva, jibu karibu kila mara ni hili: "Nilimwambia dada wa mapokezi, akasema usijali."

"Usijali" si oda ya gari. Oda ya gari ina saa, mahali, jengo, bei na namba ya gari, na vyote vimeandikwa mahali ambapo wewe na dereva mnaweza kuvisoma. Ukiwa na hivyo vitano, mtu wa zamu akibadilika au dereva akipata udhuru, safari yako haiyumbi.

Nimemwandikia yeyote anayelala hoteli au gesti ya Dar na ana ndege ya kuwahi. Namfikiria zaidi anayepanda ndege kwa mara ya kwanza, anayempeleka mgonjwa India, au mama anayesafiri na watoto peke yake. Hao ndio wanaoumia zaidi gari lisipotokea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Tiketi yenyewe mkononi. Usitegemee uliyoambiwa na aliyekukatia. Unahitaji tarehe, saa, namba ya ndege na jengo la kuondokea.

Simu yenye chaji, bando na salio la kupiga. Bando peke yake halitoshi. Dereva aliyezima data usiku hataona ujumbe wako wa WhatsApp, lakini simu ya kawaida itaita.

Namba za madereva wawili. Mmoja wa kukubeba, mmoja wa akiba.

Programu moja au mbili za kuita gari, kama Bolt au inDrive. Ziwe zimeshafunguliwa na namba yako imeshathibitishwa. Kujisajili kunataka ujumbe wenye tarakimu za siri uingie kwenye simu, na ujumbe huo hupenda kuchelewa siku una haraka.

Shilingi taslimu, zikiwemo noti ndogo, na kiasi kingine kwenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa. Usitegemee kupata chenji usiku.

Jina kamili la hoteli, mtaa, na alama ya karibu. Dar ina hoteli na gesti zinazofanana majina, moja Sinza, nyingine Kariakoo, nyingine Mbezi. Dereva akisikia jina tu anaweza kwenda kwingine kwa nia njema kabisa.

Idadi ya abiria na mabegi, ukitaja ni makubwa au madogo.

## Hatua ya 1: Isome saa ya tiketi bila kubahatisha

Hapa ndipo safari nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24. Sisi tunasema saa kwa mtindo wetu. Ndege ya 03:45 huondoka saa kumi kasoro robo usiku. Ndege ya 15:45 huondoka saa kumi kasoro robo alasiri. Ukimwambia mtu wa mapokezi "saa kumi kasoro robo" ukaishia hapo, umemwachia achague mwenyewe.

Nimeonyeshwa karatasi ya hoteli moja, imechanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Chumba 304, gari airport, saa 9." Basi. Hakuna usiku wala mchana, hakuna tarehe, hakuna jengo. Mgeni alitaka saa tisa usiku. Gari lilikuja saa tisa mchana, dereva akasubiri nusu saa, akaondoka akiwa na hasira. Usiku ule hakukuwa na gari.

Tatizo la pili ni tarehe. Ndege nyingi za kimataifa huondoka Dar usiku wa manane na alfajiri. Tiketi ikisema Ijumaa tarehe 15, saa 00:55, maana yake unatakiwa uwe uwanjani Alhamisi tarehe 14 usiku. Wapo wanaolala Alhamisi kwa amani, wakaamka Ijumaa na kwenda kupanga mabegi kwa ajili ya ndege iliyokwisha kuondoka.

Fanya hivi: andika saa kwa mitindo yote miwili, kisha ongeza siku. Kwa mfano: "Alhamisi tarehe 14, saa tatu usiku, yaani 21:00, usiku wa kuamkia Ijumaa." Sentensi hiyo itumie kila mahali: mapokezi, kwa dereva, na kwenye kengele ya simu yako.

Umefanikiwa kama unaweza kumsomea mtu mwingine sentensi hiyo na yeye asiulize swali hata moja.

## Hatua ya 2: Jua jengo lako

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria. Jengo la 3, lililoanza kazi mwaka 2019, ndilo la safari za kimataifa. Jengo la 2 limekuwa la safari za ndani, kwenda Mwanza, Mbeya, Kilimanjaro, Zanzibar na kwingineko. Jengo la 1 ni la zamani, limezoeleka kwa ndege ndogo na za kukodi.

Kinachoamua jengo ni unakokwenda. Jina la shirika peke yake halitoshi. Shirika lilelile linaweza kukuondoa Jengo la 2 ukienda Dodoma na Jengo la 3 ukienda nje ya nchi. Kwa hiyo usimwambie dereva "nipeleke kwa Air Tanzania." Mwambie jengo. Madereva wengi husema Terminal 2 au Terminal 3, nawe sema hivyohivyo ili mwelewane.

Siku moja kabla, soma ujumbe wa shirika lako au wapigie. Safari huhamishwa jengo, na anayejua wa kwanza ni shirika.

## Hatua ya 3: Hesabu ukirudi nyuma

Anza na saa ya ndege, rudi nyuma. Ndege ya kimataifa, uwe uwanjani saa tatu kabla. Ndege ya ndani, saa mbili kabla. Ukiwa na mtoto mchanga, mzee au mgonjwa, ongeza nusu saa.

Halafu ongeza muda wa barabarani. Kutoka Posta hadi uwanjani ni kama kilomita 12 tu, na usiku wa manane unaweza kufika kwa nusu saa. Jioni ya siku ya kazi, kilomita hizohizo 12 zinaweza kula saa moja na nusu au mbili.

Mfano: ndege ya kimataifa saa kumi na moja na nusu jioni (17:30). Uwe uwanjani saa nane na nusu mchana. Unatoka Posta, tenga saa moja na nusu. Gari liondoke saa saba kamili, kwa hiyo mwambie dereva afike saa saba kasoro robo.

Foleni ya Dar ina mwelekeo, na ukiuelewa utapanga vizuri zaidi. Asubuhi watu wanaingia mjini, jioni wanatoka. Uwanja wa ndege uko upande wa kutoka, kwenye Barabara ya Nyerere, njia ileile ya wakazi wa Ukonga, Gongo la Mboto, Pugu na Chanika. Ndiyo maana anayetoka Posta asubuhi anaweza kuteleza, lakini kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku yuko katikati ya umati unaorudi nyumbani.

Kutoka Posta, Kivukoni, Kariakoo na Gerezani: unaingia Barabara ya Nyerere moja kwa moja, unapita Tazara juu ya daraja la Mfugale, unaendelea hadi uwanjani.

Kutoka Masaki na Oysterbay: kuna njia ya Daraja la Tanzanite, ukipita pwani hadi Kivukoni kisha Gerezani. Nyingine ni Barabara ya Kawawa kupitia Magomeni, Kigogo na Ilala hadi kutokea Barabara ya Nyerere upande wa Chang'ombe. Mwachie dereva achague, ila mwulize amechagua ipi na kwa nini.

Kutoka Sinza, Mwenge, Mikocheni na Mbezi Beach: kawaida ni Ubungo, kisha Barabara ya Mandela kupitia Tabata na Buguruni hadi Tazara. Malori ya bandarini yanatumia barabara hiyohiyo. Hata anayetoka asubuhi upande huu asijipe moyo. Tenga saa mbili.

Kutoka Kigamboni: pitia darajani, usitegemee pantoni ukiwa na ndege ya kuwahi. Daraja lina tozo, kwa hiyo kubalianeni mapema nani analipa.

Mvua ikinyesha, ongeza saa nzima. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, bonde la Msimbazi hujaa na njia ya Jangwani hufungwa, magari yote yanabanana kwenye barabara zilizobaki. Kuna pia misafara ya viongozi: Barabara ya Nyerere husimamishwa wakati kiongozi anakwenda au anatoka uwanjani, na hakuna dereva wa kuikwepa. Muda wa ziada ndio dawa pekee.

## Hatua ya 4: Chagua gari linalokufaa

Kuna njia nne, na kila moja ina mahali pake.

Gari la hoteli. Uliza swali moja: "Gari ni la hoteli au mnaita teksi ya nje?" Si kosa wakiita ya nje, ila ujue. Gari la hoteli lenyewe lina mtu wa kuwajibika. La nje linategemea simu ya mtu wa mapokezi kwenda kwa dereva anayefahamiana naye, na mara nyingi bei ina kamisheni ndani yake.

Teksi ya kijiweni, zile zinazoegesha nje ya hoteli. Uzuri wake ni kwamba unamwona dereva na gari kabla. Nenda mwenyewe jioni, zungumza naye uso kwa uso, kagua matairi na buti. Kwa ndege ya alfajiri, mwulize kama analala karibu au atatoka Mbagala saa nane usiku. Jibu lake linakuambia mengi.

Programu ya simu. Kwa ndege ya mchana, ukiwa Posta, Upanga, Masaki au Mikocheni, hii inatosha: magari ni mengi na bei unaiona kabla. Usiku wa manane mambo hubadilika. Magari hupungua, na dereva anaweza kukubali kisha akafuta akiona njia haimlipi. Pia elewa kwamba kuweka muda wa kesho kwenye programu hakumaanishi kuna dereva aliyeshaandaliwa. Mara nyingi mfumo huanza kumtafuta muda ukikaribia.

Dereva unayemfahamu au aliyependekezwa na ndugu wa Dar. Kwa ndege ya usiku, kwangu hii ndiyo ya kwanza, na programu ndiyo akiba yake. Mtu aliyewahi kumbeba shangazi yako hawezi kukuzimia simu kirahisi.

Kisha angalia mizigo. Magari mengi ya programu hapa Dar ni Toyota IST, Passo na Vitz. Buti ya IST haibebi mabegi mawili makubwa ya kilo 23 yakalala vizuri. La pili litaishia kwenye siti ya nyuma na abiria mmoja atakosa pa kukaa. Mkiwa watatu na mabegi makubwa matatu, agiza Noah au Alphard. Kwenye programu chagua daraja la gari kubwa hata kama linazidi bei. Kuita IST mbili kwa pamoja usiku ni kujitafutia mitihani miwili badala ya mmoja.

Onyo: bamba la njano ni la gari binafsi, jeupe ni la gari la biashara. Dereva wa kijiweni mwenye namba za njano anaweza kuwa mtu mwema, lakini akisimamishwa na trafiki njiani, dakika zinazopotea ni zako.

## Hatua ya 5: Pata bei kamili kwa shilingi

Usiulize "bei gani airport" ukiwa huna kipimo. Usiku wa kabla ya safari, saa ileile utakayoondoka, fungua programu, weka hoteli kama mwanzo na uwanja wa ndege kama mwisho, uone makadirio. Usiagize. Hicho ndicho kipimo chako. Gari la hoteli au dereva wa kusubiri alfajiri atakuwa juu yake, na ni haki yake: anakatisha usingizi na anarudi mtupu. Akitaja mara tatu ya kipimo, una hoja ya kuzungumza.

Uliza bei kwa maneno haya: "Ni jumla yote? Pamoja na ada ya geti la uwanjani, mizigo na muda wa kusubiri?" Kero nyingi za bei kupanda njiani zinatokana na ada ya maegesho getini, ambayo hakuna aliyeitaja, na begi la tatu ambalo dereva hakuambiwa.

Bei ikitajwa kwa dola, omba shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni, na safari ya Posta hadi Kipawa, uliko uwanja wa ndege, ni huduma ya ndani. Mgeni wako aliyetoka Ulaya naye ana haki hiyohiyo.

Kuhusu malipo ya awali: dereva anaweza kukuomba "hela ya mafuta" jioni. Usitume bei yote. Ikibidi, tuma sehemu ndogo kwa pesa ya simu, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea. Lifanane na alilokuambia. Likiwa jina jingine, mpigie kwanza.

Umefanikiwa kama una namba moja ya shilingi, na wote wawili mnajua imejumuisha nini.

## Hatua ya 6: Andika oda

Hata kama mmezungumza kwa simu na mkaelewana kabisa, tuma ujumbe. Nakili huu, ubadilishe taarifa:

*"Habari za mchana kaka. Nathibitisha safari yetu. Alhamisi tarehe 14, saa tatu kamili USIKU (21:00), usiku wa kuamkia Ijumaa. Unanichukua hotelini, Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, nitakutumia lokesheni. Tunakwenda Uwanja wa Ndege wa Nyerere, Terminal 3, upande wa wanaoondoka. Abiria 2, mabegi makubwa 3. Bei 40,000 jumla pamoja na ada ya geti, nalipa taslimu tukishashusha mizigo. Naomba njoo umeshaweka mafuta. Nitumie aina ya gari, rangi na namba zake. Ukipata udhuru wowote niambie kabla ya saa kumi jioni ili nijipange."*

Kiasi hicho ni cha mfano, weka mlichokubaliana.

Sehemu ya mafuta usiifute. Ni kawaida kupanda gari, mkatembea mita mia tano, dereva akakata kona kuingia sheli huku akiomba nusu ya nauli ajaze. Usiku wa kawaida si shida. Usiku wa ndege, na sheli ya kwanza mkaikuta imefungwa, ni shida kubwa.

Akijibu "Poa" tu, bado hujamaliza. Subiri aina ya gari na namba. Dereva asiyetaka kutuma namba za gari, huenda yeye mwenyewe bado hajui ni gari gani litakubeba.

Kama oda umeweka kupitia hoteli, shuka mapokezi, omba waandike mbele yako kwenye daftari la zamu, na uisome. Kisha uliza zamu ya usiku anaingia nani na saa ngapi. Yule uliyemwambia mchana hatakuwepo saa nane usiku. Atakayekuwepo ni mwenzake ambaye anajua kilichoandikwa tu. Akishaingia, nenda umsalimie na kumkumbusha. Dakika mbili hizo zina thamani kuliko simu kumi za alfajiri.

## Kariakoo na Posta: mahali pa kupandia

Wanaolala Kariakoo wana kazi ya ziada. Mchana, mitaa kama Congo na Mchikichi imejaa meza, mikokoteni na watu, na gari halifiki mlangoni. Dereva atakuambia yupo Msimbazi, wewe upo juu ghorofa ya tatu na mabegi manne ya bidhaa. Kwa hiyo kwa safari ya mchana chagua mapema sehemu ya barabara kubwa ambapo gari linaweza kusimama, na tafuta kijana wa mkokoteni au mhudumu wa hoteli wa kukusaidia kufika hapo. Alfajiri mitaa hiyohiyo ni mitupu na gari linakuja hadi mlangoni, isipokuwa pale lori linaposhusha mzigo.

Posta shida ni barabara za kwenda upande mmoja. Ramani inaonyesha gari liko mita hamsini, lakini dereva lazima azunguke. Usimpigie kelele, mwulize atatokea upande gani, uvuke wewe kama ni salama.

## Hatua ya 7: Jioni ya kabla

Kama unaondoka usiku au alfajiri, lipa bili ya chumba jioni. Hoteli nyingi hukagua chumba kabla ya kukuruhusu: taulo, rimoti, friji. Usiku mhudumu ni mmoja, anaamshwa, anapanda ngazi, anashuka, anatafuta chenji. Nimesikia wageni waliokuwa na gari mlangoni kwa wakati, wakapoteza nusu saa kaunta.

Mwambie mlinzi pia. Gesti nyingi hufunga geti kwa kufuli, na mlinzi asiyejua kuna mgeni wa kutoka saa nane usiku anaweza kumfukuza dereva wako akidhani ni mtu wa kupita.

Mpigie dereva kabla hujalala. Kisha mpigie tena saa moja kabla ya muda, umsikie sauti. Akisema "nipo njiani," mwombe akutumie lokesheni ya moja kwa moja kwa WhatsApp. Kila dereva wa Dar yuko njiani. Lokesheni inakuonyesha ni njia ipi.

Umefanikiwa kama bili imelipwa, mlinzi anajua, pasipoti iko kwenye mkoba wa mkononi wala si ndani ya begi kubwa, na dereva amepokea simu.

## Hatua ya 8: Kupanda

Linganisha namba ya gari na uliyotumiwa kabla hujampa mtu begi. Usiulize "Wewe ndiye dereva wangu?", maana yeyote atasema ndiyo. Uliza: "Umekuja kumchukua nani, kwenda wapi?" Ajibu yeye.

Gari likiwa tofauti na mlilokubaliana, mpigie dereva uliyewasiliana naye akueleze, huku umesimama ndani ya geti. Ukikuta kuna mtu wa pili kwenye gari, "mdogo wangu tu, namshusha Vingunguti," kataa kwa heshima, hasa ukiwa mwanamke peke yako usiku. Umelipia gari zima.

Hesabu mabegi yakiingia. Piga picha ya namba ya gari, mtumie ndugu pamoja na saa mliyoondoka. Na dereva wako wa akiba mjulishe umeshapanda, ili naye aendelee na shughuli zake.

## Hatua ya 9: Njiani na kushuka

Rudia jengo gari linapoondoka: "Terminal 3, kaka." Funga mkanda, funga milango. Kwenye foleni pandisha kioo na usishike simu dirishani. Wanaopora kwa pikipiki hawahitaji zaidi ya sekunde mbili.

Dereva akikuambia "tupite njia ya mwendokasi tuwahi," mkatalie. Njia hizo ni za mabasi yaendayo haraka, si za magari binafsi wala teksi, na akikamatwa mtakaa pembeni huku ndege ikijiandaa.

Ukifika, shusha mizigo yote kwanza, hesabu tena, ndipo ulipe. Kama mtu anakusogelea na toroli kukusaidia, patana naye kabla hajashika begi. Wasindikizaji huagana nawe nje, kwa sababu mlangoni utaonyesha tiketi na pasipoti na mizigo itapita kwenye mashine ya ukaguzi.

Ukiwa na mzee au mgonjwa asiyeweza kutembea mbali, kiti cha magurudumu kiombwe kwa shirika la ndege siku mbili kabla. Dereva mwambie awashushe karibu kabisa na mlango, na asiondoke hadi mhudumu wa shirika amefika na kiti.

## Gari lisipotokea

Weka mpaka wa dakika 15. Saa mliyokubaliana ikipita kwa dakika 15 na huoni gari wala lokesheni inayosogea, acha kusubiri. Wengi wanaochelewa ndege wanaponzwa na simu ya kumi na moja kwa dereva yuleyule.

Mpigie dereva wa akiba. Wakati simu inaita, fungua programu uagize gari. Ukipata la kwanza, futa la pili mapema ili usimsumbue mtu. Vyote vikishindikana, mwombe mlinzi wa usiku. Walinzi wanawajua madereva wa kijiwe cha jirani kwa majina na wanajua nani analala ndani ya gari lake.

Bodaboda ni njia ya mwisho, na ni kwa mchana tu, ukiwa peke yako na begi dogo la mgongoni, foleni imesimama kabisa. Vaa helmeti. Usipande bodaboda usiku na begi kubwa katikati yako na dereva, hata kama ndege inaondoka.

Ukiona hutawahi, piga simu ya shirika la ndege ukiwa bado barabarani, uwape namba ya tiketi. Ni rahisi zaidi kuhamishiwa ndege nyingine ukitoa taarifa kabla ndege haijaondoka kuliko baada ya kuhesabiwa hukutokea.

## Ukisahau kitu garini

Mpigie dereva mara moja, maana huenda bado yupo getini analipa maegesho. Kama ulitumia programu, ingia kwenye safari zilizopita uripoti kitu kilichopotea. Kama ni gari la hoteli, piga mapokezi utaje saa na namba ya gari. Usiifute ile picha ya namba hadi umefika unakokwenda na mabegi yako yote umeyapokea.